Shahidi Mmoja Hatoshi: Jinsi Rubani Anavyoijua Njia kwa Mitambo ya Redio

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Awendo)



Sisi tulifanya kazi ya ufundi wa mitambo ya redio inayoongoza ndege, na kwa miaka yote hiyo majirani zetu walidhani kazi yetu ni kutengeneza redio za kupigia muziki. Katibu wenu alitueleza kwamba katika mkutano uliopita mwanachama mmoja wa zamu ya usiku aliuliza: "Ile ndege ipitayo juu yetu saa nane za usiku, mvua inanyesha, hakuna nyota wala taa, rubani anajuaje yuko wapi?" Tumeambiwa wengine walicheka. Sisi hatukucheka. Swali hilo ndilo lililotupa chakula maisha yetu yote, na jibu lake lina faida hata kwa mtu ambaye hatapanda ndege kamwe.

MACHO NA MASIKIO HUDANGANYA

Zamani rubani alitegemea sana kutazama chini. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika zilikuwa zikishuka Kisumu, na baadhi yake zilikuwa za kutua majini, zikikaa juu ya ziwa kama bata. Mto, reli na ufuo wa ziwa ndivyo vilivyokuwa alama za njia. Mawingu yakifunga, alama hizo hazionekani.

Mtu atasema, "Hata gizani najua kama nimesimama wima au nimeinama." Ardhini ni kweli. Angani si kweli. Ndani ya sikio mna maji kidogo yanayotuambia tunageuka upande gani, lakini ndege ikiinama polepole sana maji yale hayashtuki, na mtu huona amekaa sawasawa huku anaanguka ubavu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kamerun, ikija Nairobi. Kulikuwa na giza na dhoruba. Ikaanza kuinama upande wa kulia kidogo kidogo, na ilipogunduliwa imekwisha kuinama sana. Watu wote 114 walikufa. Wachunguzi walieleza kwamba marubani walipoteza fahamu ya mwelekeo gizani.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya rubani aliye mawinguni ni hii: usiuamini mwili wako, amini vyombo vilivyo mbele yako. Lakini iko sheria ya pili, nayo ndiyo iliyotuleta Awendo leo. Kabla hatujaifikia, hebu tuvitazame vyombo vyenyewe.

MNARA UNAOZUNGUSHA SAUTI

Chombo cha kwanza hupokea habari kutoka kwa mtambo wa ardhini ambao mafundi huuita kwa herufi tatu, VOR. Fikirini mnara wa taa kule pwani. Taa yake inazunguka mara moja kwa dakika, na kila inapoelekea kaskazini kengele hupigwa. Wewe uko baharini na saa mkononi. Ukisikia kengele, kisha taa ikakumulika baada ya sekunde 15, umejua kwamba uko mashariki ya mnara. Baada ya sekunde 30, uko kusini. Mtambo wa VOR hufanya hivyo hivyo kwa redio, ila unazunguka mara 30 kwa sekunde, na chombo ndani ya ndege ndicho kinachohesabu.

Tuseme mtambo wa namna hiyo uko Kisumu, na rubani anataka kupita juu ya kiwanda chenu hapa Awendo. Kwa mstari ulionyooka ni karibu maili 50 za baharini, nazo ndizo wanazotumia marubani. Kila moja ni mita 1,852. Mwelekeo ni kusini, ukielemea magharibi kidogo, karibu digrii 194. Rubani huzungusha kitufe mpaka chombo kisomeke 194. Mshale ukikaa katikati, yuko njiani. Ukienda kushoto, njia iko kushoto kwake.

Hapa ndipo fundi na mwanafunzi wanapotofautiana. Upepo ukivuma kutoka mashariki, ndege inasukumwa kuelekea ziwani na mshale unaenda kushoto. Mwanafunzi akiona hivyo anageuza ndege kwa nguvu na kuukimbiza mshale. Mshale unapita katikati, unakwenda kulia. Anaukimbiza tena kulia. Njia yake inakuwa kama ya nyoka, na abiria wanatapika. Rubani mzoefu hugeuza kidogo, tuseme digrii 10, halafu anatulia na kungoja. Mshale ukirudi katikati, harudishi digrii zote 10. Anabakiza 5 dhidi ya upepo na kuona kama mshale unakaa. Ukisogea, anaongeza au anapunguza digrii 2. Ni kama mtu anayevuka mto Kuja kwa mtumbwi wakati maji yamejaa: haelekezi mtumbwi mahali anapotaka kufika, bali juu kidogo, ili mto wenyewe umfikishe.

Tena kosa dogo la pembe si dogo likiwa mbali. Kanuni ya zamani ya marubani yasema: digrii 1 ya kosa, katika maili 60, ni maili 1. Basi aliyekosa kwa digrii 5 kutoka Kisumu, akifika usawa wa Awendo atakuwa amepotoka maili zaidi ya 4, yaani karibu kilomita 8. Ataipita Awendo bila kuuona moshi wa kiwanda. Ikumbukeni hesabu hii, tutairudia.

KUULIZA UMBALI, NA MSHALE UNAOFUATA RADI

Chombo cha pili hupima umbali, nacho huitwa DME. Ndege hupiga mlio wa redio, mtambo wa chini unaujibu, na chombo kinapima muda uliopita kati ya swali na jibu. Kwa kuwa mwendo wa redio unajulikana, umbali unajulikana. Umbali huo ni wa mshazari, kama kamba iliyovutwa kutoka ndege hadi mtamboni. Ndiyo maana ndege iliyo futi 6,000 juu ya mtambo, wima kabisa, huambiwa iko mbali maili 1, wala si sifuri. Rubani asiyejua hilo atadhani chombo kimeharibika.

Chombo cha tatu ni cha zamani zaidi. Mtambo wake wa chini huitwa NDB, nao hutoa mawimbi pande zote kama mtu anayeita "Niko hapa! Niko hapa!" Mshale ndani ya ndege huelekea huko sauti inakotoka. Ni rahisi, lakini una tabia mbili mbaya. Kwanza, radi nayo hutoa mawimbi ya redio, na penye dhoruba kubwa mshale huweza kuvutwa kuelekea radi, mahali pale pale rubani anapotaka kupaepuka. Sisi tuliolelewa kando ya Ziwa Viktoria tunaijua radi ya ziwa inayopiga usiku. Pili, mtambo wa chini ukizimika, mara nyingi mshale hausemi neno. Unabaki ulipokuwa, umetulia, kama mlinzi aliyelala amesimama. Chombo cha VOR walau huonyesha kibendera cha hatari kikikosa sauti. Huyu hana kibendera.

Kwa hiyo kila mtambo umepewa jina la herufi chache, nao hulitaja jina hilo kwa alama za Morse, vinukta na vistari, tena na tena, mchana na usiku. Rubani hulazimika kulisikiliza jina au kuhakikisha kwamba chombo chake kimelisoma, kabla ya kuuamini mshale. Na akiufuata mtambo wa NDB huendelea kulisikiliza njia nzima. Jina likinyamaza, mshale si kitu tena.

MITEREMKO MIWILI YA KUTUA

Chombo cha nne ni cha kutua, nacho huitwa ILS. Kina mihimili miwili ya redio. Mmoja unaonyesha mstari wa kati wa barabara ya kutulia: kushoto mtetemo wa 90 kwa sekunde una nguvu zaidi, kulia mtetemo wa 150, na katikati inalingana. Mwingine unaonyesha mteremko, kwa kawaida digrii 3. Rubani ana mishale miwili, mmoja wa kushoto na kulia, mmoja wa juu na chini. Mishale ikikutana katikati kama msalaba, anashuka sawasawa.

Digrii 3 maana yake ni karibu futi 300 kwa kila maili. Ukiwa maili 6 kutoka uwanjani uwe karibu futi 1,800 juu yake. Ukiwa maili 3, karibu 900. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Sasa sikilizeni jinsi ilivyotaka kuua watu, na jinsi ilivyoweza kuwaponya.

NAIROBI 1974 NA SAMOA 2000

Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa ya British Airways, ya aina ya Boeing 747, ilikuwa ikija kutua Nairobi. Mwongozaji aliwaruhusu kushuka hadi futi "saba, tano, sifuri, sifuri." Katika chumba cha marubani ikasikika "tano, sifuri, sifuri, sifuri." Wakaweka 5,000. Uwanja wa Nairobi uko futi zaidi ya 5,300 juu ya usawa wa bahari. Maana yake walikuwa wakiiongoza ndege, ndani ya mawingu, iende mahali palipo chini ya ardhi. Ilipotoka mawinguni waliona nchi imewakaribia, wakaipandisha kwa nguvu. Imeandikwa kwamba ilifika karibu futi 70 kutoka ardhini. Mti mrefu na nusu.

Ndugu, mitambo ya redio siku ile haikuwa na kosa. Namba moja ilisikika vibaya, na hakuna aliyeichukua akaiweka kando ya namba ya pili iliyokuwa kwenye ramani yao, yaani urefu wa uwanja wenyewe.

Mfano wa pili unatugusa sisi mafundi, nao hatuusimulii kwa furaha. Usiku wa tarehe 29 Julai 2000 ndege ya Air New Zealand ilikuwa ikishuka kwenda Faleolo, katika visiwa vya Samoa. Jina la mtambo lilisikika. Hakuna kibendera kilichotoka. Mshale wa mteremko ulikaa katikati, umetulia kuliko siku zote. Rubani gani angelalamika? Lakini mtambo wa chini, baada ya kazi ya matengenezo, ulikuwa umeachwa katika hali ya majaribio, na kile chombo mlinzi ambacho kazi yake ni kuuzima ukikosea kilikuwa kimewekwa pembeni. Tena kebo ya kupeleka habari kwa waongozaji ilikuwa imekatika. Basi mtambo ukawa unasema "sawa, sawa, sawa" kwa kila urefu. Ungekuwa juu ungesema sawa, ungekuwa chini ungesema sawa.

Marubani wakafuata "sawa" ile hadi chini ya futi 400, wakiwa bado maili zipatazo 6 kabla ya uwanja. Waliponea kwa sababu waliona taa za nje haziko mahali panapotakiwa, wakaacha kutua, wakapaa. Wote wakapona. Sasa rudieni hesabu ya mtoto wa shule: maili 6, futi 1,800. Wao walikuwa chini ya 400. Mshale ulisema sawa, lakini umbali na urefu, vikiwekwa pamoja, vilikuwa vikipiga kelele.

Hiyo ndiyo sheria ya pili tuliyowaahidi. Amini vyombo, lakini usiamini chombo kimoja. Shahidi mmoja hatoshi. Mshale uulizwe kwa umbali, umbali uulizwe kwa urefu, urefu uulizwe kwa ramani, na saa ya mkononi iwaulize wote. Siku hizi ndege nyingi huongozwa na setilaiti, na mitambo kadhaa ya zamani imezimwa katika nchi mbalimbali. Lakini setilaiti nayo ni shahidi, na wako watu wanaojua kuivuruga sauti yake. Sheria haikubadilika.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Sasa tuseme letu. Katika uwanja mmoja, jina tunaliacha, radi ilipiga mtambo wa VOR uliokuwa mikononi mwetu. Tulibadilisha vipande vilivyoungua, mtambo ukawaka. Lakini ilikuwa bado hatujaupima. Kanuni ni kwamba mtambo ulio katika matengenezo huondolewa jina lake. Utatoa mawimbi, lakini hautajitaja, ili rubani yeyote anayesikiliza ajue kwamba haufai kutumiwa.

Jioni hiyo ilikuwa inakuja ndege yenye wakubwa. Aliyekuwa juu yetu akaja, akauona mtambo unawaka, akasema, "Rudisheni jina." Tukamwambia haujapimwa. Akasema, "Si unafanya kazi? Mnataka uwanja uonekane hauna mtambo?" Tukamwambia kwamba unawaka, lakini hatujui unasema nini. Akatuamuru mara ya pili. Tukakataa, tukaandika katika kitabu cha zamu saa, dakika na sababu, tukatia sahihi zetu wote. Ndege ile ikatumia njia nyingine, ikatua salama, wala wakubwa hawakujua lolote.

Usiku tuliuzunguka mtambo na kipokezi, tukisimama penye kila alama ya digrii, tukiandika. Tukakuta upande mmoja umepotoka digrii 4. Ile hesabu yetu ya Awendo mnaikumbuka: digrii 4 kwa maili 50 ni maili zaidi ya 3. Penye nchi tambarare huenda ni usumbufu tu. Penye milima ni kaburi.

Asubuhi tulipata barua za onyo kwa kutotii amri. Hatukupewa pole, wala hatukuombwa radhi. Tulikwenda kwa chama chetu na kile kitabu cha zamu. Katibu wa tawi alikiweka mezani mbele ya wakuu, akasoma mistari ile pamoja na vipimo vya usiku, kisha akanyamaza. Barua zikaondolewa katika mafaili yetu. Tangu siku hiyo tunasema kwamba kalamu ya kitabu cha zamu ni chombo cha kazi kama spana.

NA NINYI WA AWENDO?

Ndugu wa kwenye boila, ninyi mnatujua kuliko tunavyojijua. Mnacho kile kioo cha maji. Maji yakionekana katikati mnasema boila ina maji. Lakini njia ya kioo ikiziba kwa uchafu, maji yatabaki pale pale katikati, yametulia, huku boila inakauka na moto unawaka chini yake. Ndiyo Samoa hiyo! Ndiyo sababu mtu wa boila aliyefunzwa, anapoingia zamu, haulizi kioo kinasema nini tu. Anafungua bomba la chini, maji ya kioo yanatoka, kisha anatazama kama yanarudi upesi. Yakirudi kwa uvivu, shahidi huyo amelala. Naye hutazama kioo cha pili.

Ndugu wa mizani, hali kadhalika. Mizani ikionyesha namba, namba hiyo ni chakula cha mkulima na jina lako wewe. Gari lile lile likipimwa mara mbili lina uzito ule ule? Mizani tupu inarudi sifuri? Ndugu madereva, geji ya breki inasema kuna upepo wa kutosha. Je, umeikanyaga breki kabla ya kuteremka na miwa?

Tunawaachia mambo matatu, mkayazungumze katika tawi.

La kwanza, kila kipimo kiulizwe jina lake kabla ya kuaminiwa: kimepimwa lini, na nani, na alitia sahihi wapi.

La pili, mdogo asiogope kusema. Katika chumba cha marubani msaidizi anapaswa kumwambia mkubwa wake, "Kapteni, urefu wetu haulingani na umbali." Sentensi moja, bila kutukana, bila kunong'ona. Kijana aliyeajiriwa jana akimwambia mzee wa zamu, "Mzee, kioo hiki hakirudishi maji," mzee asimwambie "Ulizaliwa lini wewe?" Amshukuru, akatazame.

La tatu, kifaa kinachotengenezwa kiondolewe jina. Kitiwe kufuli, kitiwe kibao, na afungue yule aliyefunga. Akija mtu, hata awe mkubwa namna gani, akasema "kinawaka, kitumieni," mwambieni kwa adabu kwamba kuwaka si kusema kweli. Kisha andikeni. Chama kitamtetea aliyeandika. Aliyenyamaza chama kitamtetea kwa lipi?

Yule ndugu wa zamu ya usiku, tunajua amekaa mle nyuma, tunamjibu hivi. Rubani anajua yuko wapi kwa sababu kuna mitambo inayomwambia, na kwa sababu kuna watu kama wewe, walio macho saa nane za usiku mahali asipopajua, waliokataa kutia sahihi mpaka wapime. Yeye hawaoni, nao hawamjui jina. Lakini maisha yake yote yamo mikononi mwao mpaka magurudumu yaguse chini.

Tumemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Kama kuna maswali tuko tayari, na tungeomba aanze yule aliyeuliza la kwanza.